Siku Niliyoalika Watu Kula Mayai

Kwa miaka minane kazi yangu imekuwa kukaanga mayai. Hoteli ipo Kendwa, na kila asubuhi nasimama nyuma ya jiko dogo la gesi kwenye kona ya ukumbi wa kulia, kofia nyeupe kichwani, wageni wamepanga foleni na sahani zao, nami namwuliza mmoja mmoja: yai lako unalipendaje? Huyu anataka kiini kibichi, mwengine anataka la kukoroga na kitunguu, mwengine anataka ile nyeupe tu, kiini nikitupe. Jumapili foleni inakuwa ndefu zaidi, kwa sababu siku hiyo kuna kitu wanachokiita branchi. Wageni wanaamka wamechelewa, chai ya asubuhi imewapita, chakula cha mchana hakijafika, basi wanakula vyote viwili kwa pamoja, kuanzia saa tano mpaka saa nane, na hakuna anayewaambia kitu.

Sisi wafanyakazi tunakula baadaye, wima, nyuma ya jikoni, yale yaliyobaki. Jumapili ya mwisho kabla hoteli haijafungwa kwa masika tulikuwa hivyo hivyo, kila mtu na kisahani chake mkononi, na mwokaji mikate, baba mmoja mwenye asili ya bara, akasema, "Jamani, mwaka mzima tunawapikia watu branchi. Sisi yetu lini?"

Watu wakacheka. Mimi sijui nilipandwa na nini, nikasema, "Njooni kwangu. Jumapili ijayo, saa tano. Hakuna shughuli yoyote, mje tu kama mlivyo."

Nilikuwa na umri wa miaka thelathini na mbili na sijawahi kumwalika mtu nyumbani kwangu. Naishi peke yangu Kiponda, vyumba viwili juu kabisa ya nyumba ya kale, na jikoni kwangu ukinyoosha mikono yote miwili unagusa kuta zote mbili. Sahani nilikuwa nazo tatu. Nilidhani watu watasema "inshallah" na yaishie hapo. Lakini mwokaji alisema atakuja akitoka kanisani. Dada wa mapokezi, Mtumbatu mmoja mchangamfu ambaye hajawahi kukosa sherehe, akasema atakuja. Halafu sauti nzito ikatoka nyuma yangu: "Saa tano kamili?"

Alikuwa mpishi mkuu. Mtu mzima, mrefu, mkimya, ambaye katika miaka minane hajawahi kusifu chakula cha mtu mbele yangu. Akionja kitu akanyamaza, tunashukuru Mungu.

"Kamili," nikajibu. Hapo ndipo nilipoanza kujuta.

Jumatano nilishuka kumpa taarifa Bi wa chini. Huyu ni mama mtu mzima, mjane, anakaa vyumba vya chini vinavyoelekea uwani, na ngazi ya kuja kwangu inapita mlangoni kwake. Hakuna kiumbe kinachopanda ngazi ile bila yeye kujua. Nilimkuta amekaa kwenye kibao anachagua mchele.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu."

"Jumapili nna wageni, watapita hapa. Nilitaka ujue tu."

"Wageni wa nini?"

"Wenzangu wa kazini. Wanakuja kula."

"Khitma?"

"Hapana, bibi."

"Maulidi?"

"Hapana."

"Uliweka nadhiri?"

"Sikuweka, bibi. Tutakula tu."

Mkono wake ukasimama juu ya ungo. "Kula kwa sababu ya nini?"

Nikasema, "Njaa."

"Saa ngapi?"

"Saa tano ya asubuhi."

"Saa tano," akarudia taratibu. "Chai imeshapita, mchana haujafika. Saa tano watu wanaitana kwa jambo." Akaniangalia. "Wamo wanawake?"

"Yumo mmoja."

"Aa," akasema Bi, akarudi kwenye mchele wake huku akitabasamu peke yake.

Tabasamu lile lilipasa linitie wasiwasi. Bi anayo namba ya simu ya mama yangu tangu siku niliyohamia. Mama, aliyeko Uroa, ndiye aliyempa, ili apate habari zangu bila ya kupitia kwangu.

Jumamosi nilikwenda Darajani nikarudi na trei zima la mayai, mananasi mawili, machungwa, mikate ya boflo, siagi, nyanya, vitunguu na pilipili boga. Sahani nikaazima. Usiku nilikata, nikapanga, nikafunika. Meza yangu moja niliitandika shuka nyeupe, nikakunja tishu pembe tatu kama tunavyofanya hotelini, nikajiona mtu wa maana sana. Nililala nikiwa nimeshapanga hata maneno ya kuwakaribishia watu.

Saa tatu asubuhi nikasikia hodi.

Nilifungua mlango nikiwa na kikoi na fulana. Mbele yangu alisimama mama, amevaa buibui lake la harusini, amejifukiza udi mpaka ngazi nzima inanukia. Nyuma yake alikuwa shangazi yangu, dada mkubwa wa marehemu baba, anahema, mkononi ana ndoo. Ndani ya ndoo mlikuwa na pweza. Kwenye kikapu cha mama mlikuwa na nazi nne, viazi vitamu, na kanga mpya iliyofungwa kwenye karatasi ya zawadi.

"Shikamooni," nikasema. "Kuna nini?"

"Yeye ndiye atuulize sisi kuna nini!" shangazi akamwambia mama. Halafu akanigeukia. "Hatukukasirika. Ila posa haifanywi na kijana peke yake, baba. Tena kwa kawaida sisi ndio tunaokwenda kwa mwanamke. Hatujapata kusikia mwanamke analetwa saa tano kwa mwanamume."

"Posa ya nani?"

"Bi wa chini katwambia yote," akasema mama kwa upole, kama mtu anayemsaidia mwanawe kukiri.

Nilijieleza. Nilieleza hoteli, Jumapili, wageni wanaochelewa kuamka, neno branchi na maana yake. Mama alinisikiliza mpaka mwisho, huku macho yake yanatembea juu ya meza yangu. Akainua kitambaa, akaona mananasi. Akainua kingine, akaona boflo. Akalifikia trei la mayai.

"Na chakula kiko wapi?" akauliza.

"Ndicho hicho, mama."

Waliangaliana. Shangazi akaichukua ndoo yake, na wote wawili wakashuka ngazi kwenda uwani kwa Bi. Baada ya muda mfupi nikasikia nazi inapasuliwa, na watu watatu wanacheka.

Saa tano kamili, wala haikuzidi dakika, mpishi mkuu aliingia. Alikuwa na kanzu iliyopigwa pasi na mfuko wa machungwa. Nilimkaribisha kwenye kiti. Akaiangalia meza yangu, akaiangalia tishu iliyokunjwa, akaikunjua, akaikunja upya vizuri zaidi.

"Nikuanzishie nini?" nikamwuliza.

"Mimi nshakula," akasema. "Chapati tatu na mbaazi. Nilihisi huenda mambo yakachelewa."

Tukakaa. Maneno yote niliyoyapanga usiku yalikuwa ya watu wenye njaa. Harufu ya pweza ilianza kupanda kutoka chini. Mpishi mkuu akanusa mara moja. "Nani anapika?" akauliza. Nikajibu kwamba ni mambo ya jirani.

Dada wa mapokezi alifika baada ya nusu saa, lakini hakufika juu. Nilimsikia anabisha hodi chini, nikasikia vifijo. Nilishuka mbio. Nikamkuta keshakalishwa kwenye busati baina ya mama na shangazi, ana kikombe cha kahawa mkononi, na shangazi amemshika mkono mwengine kana kwamba atakimbia.

"Kwenu wapi, mwanangu?"

"Tumbatu, shangazi. Lakini nimekulia Mkokotoni."

"Mashallah. Na baba yupo hai?"

"Yupo, alhamdulillahi."

"Unajua kupika?"

"Najua kiasi changu."

"Ana adabu," shangazi akamwambia mama, mbele yake mwenyewe. "Na meno yake mazuri."

Dada yule alinitazama na macho yamemtoka. Nilitaka kusema neno, lakini mama alikuwa keshaanza kufungua ile karatasi ya zawadi. Na hapo hapo mlangoni akaingia kijana mrefu, amebeba helmeti mbili na mtoto wa miaka miwili aliyelala begani.

"Samahanini," akasema. "Pikipiki nimekosa pa kuiweka."

Shangazi akamtazama kutoka juu mpaka chini. "Huyu ndugu yako?"

"Mume wangu," akasema dada wa mapokezi.

Shangazi aliuachia ule mkono kidole kimoja kimoja. Mama yangu, Mungu amzidishie umri, hakubabaika hata kidogo. Alimaliza kuifungua karatasi, akaitoa kanga, akaikunjua, akamfunika nayo yule mtoto begani kwa baba yake. "Upepo huu wa masika mbaya kwa watoto," akasema. Kanga ile walikwenda nayo, na mpaka leo sijui kama walijua ilikuwa ya nini.

Niliwapandisha wageni wangu juu kabla halijatokea jengine. Niliwasha jiko, nikavaa kofia yangu nyeupe ili kuchangamsha watu, nikashika kikaango, nikamwuliza dada wa mapokezi kama ninavyouliza kila siku, "Yai lako unalipendaje?"

"Lolote," akasema.

Nikamwuliza mumewe. "Lolote tu, kaka, usijisumbue."

Nikamgeukia mpishi mkuu. Akainua mkono. "Wewe pika. Tutakula utakachopika."

Nilibaki na kikaango mkononi. Miaka minane nimewauliza watu wa dunia nzima swali lile, na hakuna hata mmoja aliyeniambia "lolote". Lakini hawa hawakuwa wageni wa hoteli, walikuwa wageni wangu, na mgeni akiingia nyumba ya mtu haagizi. Nilivunja yai moja, likaiva vizuri, nikampa dada. Nikavunja la pili. Likaanza kutatarika pembeni, halafu mlio ukafifia. Moto ukawa wa buluu mdogo, ukawa kama ukucha, ukazimika. Nilitikisa mtungi wa gesi. Mwepesi kama kikapu.

Mpishi mkuu akainuka, akausogelea mtungi, akaugonga kwa kidole kama daktari anayegonga kifua. "Umekwisha," akasema.

Jumapili asubuhi, mvua inanyemelea, na duka ninalonunulia gesi limefungwa. Mume wa dada akasema hapana tabu, watakula mananasi. Maneno yale ya huruma ndiyo yaliyonimaliza. Nikachukua trei la mayai, nikasema, "Twendeni chini."

Chini hapakuwa na mtu. Mapishi ya mama yalikuwa yanatokota peke yake juu ya seredani mbili za makaa. Sauti zilitoka chumbani kwa Bi. Nikachungulia. Mwokaji mikate alikuwa amesimama katikati ya chumba, suti nyeusi, tai, Biblia kwapani na katoni ya mikate kifuani. Bi alikuwa anamwonyesha ukuta kwa mwiko.

"Na huu," Bi alikuwa anasema, "huu ulianza mwaka juzi. Mvua ikinyesha unatiririka mpaka kitandani. Tia mkono wako humu, baba. Tia tu."

Mwokaji akatia mkono kwenye ufa. "Ni mkubwa," akakubali.

"Si ndio ninalolisema kila siku! Njoo na huku msalani."

Walikuwa washapita vyumba vyote. Bi ana miaka anasubiri mtu wa serikali aje kukagua nyufa za nyumba ile, na alipomwona mtu wa suti anauliza "hapa ndipo?" hakuhitaji kusikia zaidi. Shangazi na mama walimfuata nyuma, kila mmoja anaongeza malalamiko. Mwokaji alifuata kwa heshima, akatikisa kichwa penye kutikisa, akasikitika penye kusikitika. Baadaye nilipomwuliza kwa nini hakusema yeye ni nani, alijibu, "Nilidhani ndivyo mnavyomkaribisha mgeni hapa. Kila nyumba na desturi zake."

Nilipomwambia Bi kwamba huyu anaoka mikate, aliushusha mwiko wake. "Kwa hiyo hutaandika popote?"

"Hapana, mama. Lakini nimekuja na skonzi."

Bi akaifungua katoni, akachukua moja, akaimega, akatafuna. "Haya, kaa," akasema.

Mama alinipisha seredani moja. Wote wakakaa kwenye busati chini ya bati la ukumbi, sahani mbele yao, na mimi nikachuchumaa mbele ya makaa na kofia yangu nyeupe. Nilijaribu tena. Nikaanza na aliye mkubwa kuliko wote. "Bi, yai lako unalipendaje?"

Nilitarajia "lolote". Bi akaufuta mdomo kwa ncha ya kanga.

"Langu mimi," akasema, "nyeupe iive mpaka pembeni ikauke, kiini kisiguswe na moto. Usiligeuze. Chumvi chembe mbili, pilipili manga, na mafuta uyachuje yote. Na usilitoe mpaka nikwambie."

Alinisimamia mpaka mwisho, na mara mbili alinikataza kulitoa. Mtu yeyote wa foleni ya Kendwa angemwogopa. Lakini baada ya hapo wote wakafunguka. Dada wa mapokezi alisema lile la kwanza hakulipenda kusema kweli, anataka la kukoroga na nyanya. Mumewe akataka mawili, na pilipili mbichi. Mwokaji alitaka lake ndani ya skonzi. Shangazi alitaka gumu kama jiwe. Hata mpishi mkuu, mwenye chapati tatu tumboni, alikohoa akasema, "La kukunja. Kitunguu kidogo. Lisipate rangi." Nikasogeza makaa pembeni, nikampikia. Alikula lote, akanyamaza, nami nikashukuru Mungu.

Mama alikuwa wa mwisho. Alikuwa akigawa pweza na viazi kwenye sahani za watu, hajakaa hata mara moja.

"Na wewe, mama?"

"Mie nini?"

"Yai lako."

"Mie ntakula lolote litakalobaki."

"Hakuna linalobaki hapa, mama. Kila mtu analiagiza lake."

Akasimama na upawa mkononi, anafikiri. Niliona kweli anafikiri, na kwamba si jambo alilopata kuulizwa sana. Sisi watoto sita tulikula mayai ya kuku wake miaka yote, na sikuweza kukumbuka alivyokuwa anapenda lake, wala kama alikuwa analipata.

"Nifanyie kama unavyowafanyia wale wazungu wako," akasema.

Nikampikia la kukunja, na kitunguu, nyanya na pilipili boga, nikalitelezesha kwenye sahani, nikamwekea na tishu iliyokunjwa pembe tatu. Akakaa. Akalikata kwa ncha ya kijiko, akatazama ndani, akala.

"Hii ndiyo kazi yako?"

"Ndiyo hii."

"Unakaanga yai, mtu anakula, anakuja mwengine."

"Ndivyo."

"Na mie nawaambia watu Uroa mwanangu anapika biriani la watu mia mbili." Akala tena, hana haraka. "Chumvi kidogo imepungua," akasema, akalimaliza lote, na kipande cha boflo akafutia sahani.

Basi ikashuka mvua ile ya masika isiyobisha hodi, bati likanguruma, maji yakajaa uwani mpaka kwenye ukingo wa busati. Hakuna aliyeweza kutoka. Tukakaa hapo tukala mananasi, tukarudia pweza. Shangazi alikuwa ameshakata tamaa na dada wa mapokezi kuwa mkwe, akaamua kumfanya rafiki, akawa anamwuliza kama hotelini hakuna wengine ambao hawajaolewa. Mwokaji alivua tai, akaahidi kuja na saruji siku moja kuziba ule ufa wa chumbani, na Bi akamtajia na mengine matatu. Mtoto akaamka, akapewa kiazi. Mpishi mkuu aliegemea ukuta, akafumba macho "kidogo tu", na mara tukasikia anakoroma. Hakuna aliyethubutu kumwamsha. Tukaanza kusema kwa minong'ono, watu wazima saba, tukicheka na kanga mdomoni, na kila tulipozidi kujizuia ndivyo kicheko kilivyozidi.

Alizinduka kwa adhana ya alasiri. Akakaa wima, akavuta kanzu yake, akatuangalia mmoja mmoja kwa ukali. "Nani anaunguza kitunguu?" akauliza. Makaa yalikuwa yameshazimika zamani.

Mvua ilipokatika waliondoka. Nilimsindikiza mpishi mkuu mpaka mlango wa nje. Alivaa viatu vyake taratibu, akasimama kizingitini anaangalia maji yanavyopita uchochoroni, na nikaona anatafuta neno. Nilisubiri. Miaka minane nilikuwa nimesubiri.

"Pweza yule," akasema hatimaye, akatikisa kichwa. "Pweza yule, bwana."

Akapandisha kanzu, akaruka dimbwi, akaenda zake. Ya mayai hakusema neno.